Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: zuio la TEHAMA limeua kazi ya manukuu, uharamia uko palepale

Mheshimiwa Profesa,

YAH: KUFUNGWA KWA TORENTI, KUFUNGIWA AKAUNTI NA KUFUTIKA KWA KAZI ZA MANUKUU

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Suala hili limepita ngazi zote tulizoelekezwa: Kurugenzi ya TEHAMA, Mshauri wa Wanafunzi, hadi masijala ya ofisi yako. Barua ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hakuna hata moja iliyojibiwa. Tunaandika hadharani kwa kuwa njia ya ndani imefika mwisho. Heshima yetu kwa ofisi yako haijapungua.

Sisi ni wanafunzi wa tafsiri na ukalimani, isimu na sayansi ya kompyuta tunaotengeneza manukuu ya Kiswahili kwa ajili ya anime (katuni za Kijapani), yale maandishi yanayopita chini ya picha wakati mhusika anaongea Kijapani. Kurugenzi ilitangaza kwamba mtandao unafungwa ili kukomesha uharamia. Anayelala hostelini anajua kuwa anime haijapungua hata kidogo. Inaingia kwa flashi kutoka vibanda vya muvi nje ya geti, kwa bando za usiku na kwa VPN za bure. Kilichokoma ni kutafsiri, maana anayetazama anahitaji simu tu, lakini anayetafsiri anahitaji maabara, programu na mahali pa kutunza mafaili.

Tuseme mapema jambo ambalo huenda ndilo linalofanya barua zetu ziwekwe pembeni. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, inampa mwenye kazi haki ya pekee ya kuruhusu tafsiri ya kazi yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 haiko mbali na hapo. Shabiki anayebandika Kiswahili juu ya anime na kuisambaza bila ruhusa anavunja sheria hata kama hajalipwa senti. Kanda za VHS walizozungushiana mashabiki wa Marekani enzi za kanda zilikuwa na onyo kwamba haziuzwi wala kukodishwa. Onyo hilo lilikuwa la kiungwana, ila kisheria halikuwapa ruhusa yoyote. Hatuombi chuo kibariki jambo hilo. Tunaomba kitenganishe vitu vitatu ambavyo tangazo lake limevifunga kwenye furushi moja: teknolojia ya kupakua, ufundi wa kutengeneza manukuu, na kusambaza mali ya mtu bila idhini. Kosa ni hilo la tatu peke yake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Torenti imefungwa yote, badala ya matumizi yake kusimamiwa.

Torenti ni namna ya kugawana faili. Faili linakatwa vipande, kila anayepakua anawapa wenzake vipande alivyokwisha kupata, na kila kipande kinahakikiwa kabla ya kupokelewa. Bram Cohen aliitoa mwaka 2001 na mashabiki wa anime walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuichangamkia. Lakini kwa njia hiyohiyo Internet Archive hutoa makusanyo yake, Kiwix hutoa Wikipedia nzima ya kusoma bila intaneti, na watengenezaji wa Linux hutoa mifumo yao. Mwanafunzi anayepakua Linux ya gigabaiti 5 kwa kivinjari, umeme ukikatika akiwa kwenye gigabaiti ya nne, mara nyingi huanza upya. Kwa torenti angeendelea alipoishia. Katika chuo ambacho umeme unakatika kama kwetu, hilo si jambo la anasa.

Hatukatai kwamba torenti ilikuwa inaelemea mtandao. Programu yake hufungua miunganisho mingi kwa mpigo na kuijaza njia ya kupandisha data. Foleni ndani ya ruta inarefuka, na hata ule ujumbe mdogo wa kuthibitisha kwamba data imepokelewa unakwama nyuma yake. Ndiyo maana mtu anayefungua mfumo wa matokeo anaona ukurasa mweupe ilhali yeye hapakui chochote. Dawa ya ugonjwa huu ipo. Mwaka 2018 Linux toleo la 4.19 ilikuja na kipanga foleni kiitwacho CAKE, ambacho hugawa njia kwa kila mtumiaji kwanza, kisha kwa miunganisho yake. Mwenye miunganisho 200 anapata sawa na mwenye mmoja. Ni utaratibu wa bombani: mwenye madumu ishirini anajaza moja, anampisha mwenye ndoo, kisha zamu yake inarudi.

Kwa mafundi wa Kurugenzi, mambo mawili huharibu kazi hii yakisahaulika. Kasi iwekwe chini kidogo ya ile halisi, asilimia 90 hadi 95, ili foleni ijengeke kwenye ruta yetu na si kwa mtoa huduma, ambako hatuna mamlaka nayo. Na chaguo la nat, linaloiwezesha CAKE kuona vifaa vilivyo nyuma ya anwani moja ya nje, liwashwe, la sivyo CAKE itaiona hosteli nzima kuwa mtu mmoja na haki yote itapotea.

2. Akaunti zimefungiwa kwa ushahidi usiomtambulisha mtu.

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu waliofungiwa wanashindwa kujisajili kwa masomo na kupakua maswali ya mazoezi. Mwenye hakimiliki akilalamika, taarifa yake huwa na anwani ya IP ya nje (namba ya utambulisho mtandaoni), namba ya poti (inayotofautisha muunganisho mmoja na mwingine) na saa. Hosteli nzima hutoka nje kwa anwani moja. Bila kumbukumbu za NAT, mfumo unaovitoa vifaa vingi nje kwa anwani moja, zinazoonyesha kuwa poti fulani, dakika fulani, ilikuwa ya kifaa fulani, anwani hiyo inataja jengo tu. Mwenye kosa haonekani.

Kisha kuna suala la saa, na hapa tunaomba Profesa asome taratibu. Taarifa hizi kwa kawaida huandikwa kwa saa za UTC, saa rejea ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Taarifa ikisema 18:40 UTC, hapa kwetu ni 21:40, yaani saa tatu na dakika arobaini usiku. Fundi akifungua kumbukumbu na kutafuta 18:40 ya hapa, atamkuta aliyekuwa mtandaoni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, ambaye huenda hana habari na faili linalolalamikiwa. Notisi walizopewa wenzetu zina anwani na tarehe basi. Poti haimo, na ukanda wa saa hautajwi. Zaidi ya hapo, simu za siku hizi hubuni anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa) ya bandia kwa kila mtandao, kwa hiyo hata orodha ya vifaa vilivyosajiliwa haitoshi kumtia mtu hatiani.

3. Kompyuta za maabara zinafuta kazi, na zimefungwa zisiwekwe programu.

Kompyuta za maabara zimewekewa kinga inayozirudisha zilivyokuwa kila zinapowashwa upya. Tunaelewa sababu: virusi vya flashi. Ila Aegisub, programu huria tunayopangia manukuu, hutunza nakala zake za dharura ndani ya folda ya mtumiaji kwenye diski C, diski ileile inayofutwa. Umeme ukikatika, nakala iliyowekwa kwa ajili ya dharura inapotea na dharura yenyewe. Kipindi kimoja cha anime cha dakika 24 kinaweza kuwa na mistari 300 hadi 400, kila mmoja na muda wake wa kuanza na kuisha. Kazi ya wiki inafutika kwa sekunde moja, na wenye kazi wanaambiwa wangetumia flashi, wakati milango ya flashi nayo imezimwa.

Marekebisho yenyewe ni madogo: kutenga sehemu ya diski isiyofutwa, kisha ndani ya mipangilio ya Aegisub kuelekeza nakala za dharura huko. Pia folda ya kamusi ifunguliwe ili mafaili sw_TZ.aff na sw_TZ.dic, yanayopatikana bure kwenye LibreOffice, yawekwe humo. Bila hayo kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu, na kosa la kweli linajificha katikati ya makosa ya uongo.

4. Ufundi huu haufundishwi, na mtihani wa tafsiri bado ni karatasi na kalamu.

Kutafsiri manukuu ni tofauti na kutafsiri barua. Kipimo kinachotumika sana ni mistari miwili kwa mara moja, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, na kasi ya kusoma ya herufi kama 17 kwa sekunde. Chukua sentensi "Nilikwambia usiingie humo ndani peke yako." Bila nukta ina herufi 41 pamoja na nafasi, kwa hiyo inakaa kwenye mstari mmoja bila shida. Lakini mhusika akiwa amekasirika anaitamka kwa Kijapani ndani ya sekunde 1.8. Kasi inafika karibu 23, na mtazamaji ataona maneno yakipotea kabla hajamaliza kusoma. "Nilikukataza kuingia peke yako" ina 30, kasi inashuka chini ya 17, na hasira bado ipo, pengine imezidi. Aegisub huonyesha kipimo hiki pembeni ya kila mstari. Mwanafunzi anayefunzwa kwa karatasi hakioni, na Kiswahili, pamoja na vitenzi vyake virefu, kinamwadhibu kila sentensi.

Kuna na makosa ya muda ambayo fundi huyatambua kwa kutazama tu. Manukuu yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, video hiyo haina utangulizi uliokuwamo kwenye nakala yaliyopangiwa. Unasogeza mistari yote kwa pamoja, umemaliza. Yakianza vizuri na kuzidi kuachana na sauti kadiri kipindi kinavyokwenda, tatizo ni idadi ya fremu, yaani picha zinazounda video: nakala moja ina 23.976 kwa sekunde, nyingine ina 25, na mwisho wa dakika 24 tofauti inafika karibu dakika nzima. Hapo kusogeza hakusaidii, lazima mistari yote inyooshwe au ibanwe kwa uwiano. Tumeona watu wakisogeza mstari mmoja mmoja usiku kucha kwa kukosa somo la nusu saa.

Halafu kuna kutafsiri kupitia Kiingereza, ugonjwa wa karibu kila kazi ya mashabiki hapa kwetu. Kijapani kinamtenga kaka na mdogo wa kiume kwa majina tofauti, na sisi vilevile tuna kaka na mdogo wangu. Kiingereza kinawaweka wote kapu moja, hivyo anayetafsiri kutoka huko anabahatisha, na mara kwa mara mdogo anaitwa kaka hadi kipindi cha tano ambapo umri unatajwa na hadithi nzima inagongana. Mihula miwili ya Kijapani cha msingi ingeponya sehemu kubwa ya hili. Idara ina walimu wa lugha za kigeni. Kijapani hakimo kwenye orodha.

5. Zuio linawasukuma wanafunzi kwenye tovuti za hatari.

Hili ni fupi. Tovuti ya Aegisub imewekwa kwenye kundi la upakuaji haramu, kwa hiyo watu wanaitafuta kwenye kurasa zenye vitufe vitano vya kupakua, vinne vikiwa vya matangazo. Faili la video halina sababu ya kuishia na .exe wala .scr, ambayo ni miishio ya programu, lakini Windows huficha miishio hiyo mpaka uiwashe mwenyewe, na kitu kilichoandikwa "kipindi 03.mkv.exe" kinaonekana kuwa kipindi cha tatu. Utamaduni wa mashabiki wa kuandika alama ya CRC32, inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ya herufi nane kwenye jina la faili, ili aliyepakua ahakikishe limefika zima, ungekuwa somo zuri la usalama wa data. Kwa sasa alama hiyo ni kidokezo cha kumshtakia mtu.

Mheshimiwa Profesa, zipo sababu tunazozitarajia, na tunazijibu mapema ili tusizungushane.

Tutaambiwa hakuna bajeti. Aegisub, pamoja na MKVToolNix na ffmpeg, programu za kushughulikia mafaili ya video, ni bure, na CAKE imo ndani ya Linux. Kompyuta za sasa za maabara zinatosha iwapo video ya kufanyia kazi imepunguzwa kwanza:

ffmpeg -i asili.mkv -vf scale=640:360 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 64k kazi.mp4

Amri hiyo inaweza kukishusha kipindi cha megabaiti 350 hadi 60 hivi. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, cha kwanza kinapakuliwa kwa dakika 23, cha pili kwa dakika 4. Idadi ya fremu haibadiliki, kwa hiyo manukuu yaliyopangwa juu ya nakala ndogo yanakaa sawasawa kwenye kubwa. Faili la manukuu lenyewe, likiwa maandishi matupu, ni makumi machache tu ya kilobaiti.

Tutaambiwa anime ni starehe, na chuo si ukumbi wa sinema. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Leo tamthilia za Kituruki zinazoongea Kiswahili zinatazamwa sebuleni kila jioni. Kuna watu wanaolipwa kuzitafsiri. Kwa upande wa anime, Crunchyroll, huduma ya kuitazama mtandaoni, ilianzishwa mwaka 2006 na wahitimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ilianza vibaya, watu wakipandisha video zenye manukuu ya mashabiki bila leseni. Januari 2009 ikaanza kuonyesha kazi za TV Tokyo kwa mkataba, na mwaka 2021 Sony ikakamilisha kuinunua kwa dola bilioni 1.175. Mwanzo wake hatuusifii. Tunachosema ni kwamba soko halali lilipofunguka, lilikuta watu wanaojua kupanga mstari, na baadhi yao walitoka kwenye vikundi vya mashabiki. Siku soko hilo likihitaji Kiswahili, litawakuta akina nani hapa?

Tutaambiwa walipie huduma halali. Walipie, ndiyo, na wengine wanalipia. Lakini video za huduma hizo zina kufuli la kidijiti na haziwezi kufunguliwa ndani ya Aegisub. Ni za kutazama, hazifai kufanyia mazoezi.

Tutaambiwa mashine sasa inatafsiri. Inatafsiri, tena kwa kasi, ila mara nyingi inapita kwenye Kiingereza kama sisi, haijui kaka ni yupi, na haikati sentensi ifae sekunde 1.8. Anayehariri kazi ya mashine anahitaji ufundi uleule.

Na tutaambiwa hakuna video halali za kufundishia. Hapa Kurugenzi haijatafuta. Filamu ya Sintel ya mwaka 2010, iliyotengenezwa kwa Blender, programu huria ya katuni, ina leseni huria ya Creative Commons inayoruhusu kunakili, kutafsiri na kusambaza mradi waliotengeneza watajwe. Ina mazungumzo, ina ugomvi, ina dakika zisizofika 15. Kwa upande wa Japani, hifadhi ya taifa ya filamu ya nchi hiyo ilifungua mwaka 2017 tovuti ya katuni za kale, miaka 100 tangu katuni za kwanza za Kijapani. Imo Namakura Gatana ya 1917. Kwa sheria ya Japani filamu zilizotolewa hadi mwaka 1953 kwa ujumla zimekwisha muda wa ulinzi. Tahadhari ni moja: muziki au simulizi iliyoongezwa siku hizi ina haki zake. Kwa hiyo chuo kiiandikie hifadhi hiyo rasmi. Barua yenye nembo ya chuo itajibiwa. Ya mwanafunzi kwa barua pepe yake haiendi popote. Ibara ya 10(2) ya Berne nayo inaziachia nchi wanachama nafasi ya kuruhusu vielelezo vya kufundishia, na mwanasheria wa chuo anaweza kutueleza nafasi hiyo ina upana gani kwetu.

Kwa hayo, tunaomba yafuatayo kabla ya muhula ujao kuanza:

(a) Torenti ifunguliwe chini ya mgawo wa haki kwa kila mtumiaji, na malalamiko ya wenye hakimiliki yashughulikiwe moja moja.

(b) Akaunti zilizofungiwa kwa notisi isiyo na poti wala ukanda wa saa zifunguliwe mara moja. Kuanzia sasa mtuhumiwa aonyeshwe ushahidi na apewe siku 7 za kujibu kabla ya kufungiwa.

(c) Maabara moja, moja tu kwa kuanzia, iwekewe Aegisub, MKVToolNix, ffmpeg na kamusi ya Kiswahili, pamoja na sehemu ya diski isiyofutwa.

(d) Kozi ya tafsiri iwe na zoezi la manukuu: dakika tano za video halali, alama zigawanywe kwa usahihi wa tafsiri, kasi ya kusoma, na muda. Mkutubi Mkuu aanzishe hazina ya video za kufanyia zoezi hilo.

(e) Ombi la Kijapani cha msingi lifikishwe kwenye Bodi ya Kitivo. Hili tunajua haliwezi kuisha muhula mmoja.

Kwa upande wetu, hatutatumia maabara wala mtandao wa chuo kusambaza kazi ambayo hatuna ruhusa nayo, na atakayefanya hivyo ushahidi ukiwa kamili, hatutamtetea. Tuko tayari kukaa na mafundi wa TEHAMA maabara namba watakayoitaja, siku watakayoitaja, tukiwa na nakala ya Sintel na ruta moja ya majaribio. Jibu likikosekana tena, tutaomba serikali ya wanafunzi iliwasilishe suala hili Seneti, ambako ina wawakilishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wanafunzi watengeneza manukuu, pamoja na wanafunzi wa Tafsiri na Ukalimani, Isimu, na Sayansi ya Kompyuta

Nakala:
Mkurugenzi wa TEHAMA
Mkutubi Mkuu
Mkuu wa Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu
Mwanasheria wa Chuo
Rais wa Serikali ya Wanafunzi